Shangazi, wifi ananiuzia vitamini na mimi nimeanza mazoezi, nimeze au niache?

Shangazi shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika, na nitaandika ndefu unisamehe maana hili jambo limenikaa kifuani toka Januari.

Nina miaka 46, naishi Tabata, kazi yangu nashika mahesabu kwenye duka la jumla la vitambaa Kariakoo, yani nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, nikinyanyuka ni kwenda chooni au kupokea sahani ya wali kwa mama lishe. Mwezi wa kwanza walikuja watu kupima sukari bure mtaani kwetu, sikuwa naumwa wala nini, nikaona ngoja na mimi nijipime. Sikuwa nimekula kitu toka usiku, ikasoma 6.3. Yule kijana akaniangalia akasema mama nenda hospitali wakakupime vizuri. Nikaenda, wakarudia ikaja 6.4, wakanipima na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikaja asilimia 6.1. Daktari akasema huna kisukari ila upo mpakani, punguza uzito, fanya mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Dakika tano nikawa nimeshatoka, na foleni nje ilikuwa ndefu wala simlaumu.

Sasa shangazi, mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sukari. Ilianza na kiatu kumchubua kwenye kidole gumba, kidonda kama punje ya mahindi, sisi huku tunapaka asali tunapaka sijui nini, kuja kufika hospitali wanasema mishipa ya damu ya huku chini imeshaziba damu haifiki kwenye unyayo. Mimi ndo nilikuwa namuosha mpaka alipofariki. Kwahiyo daktari aliposema mpakani, mengine yote aliyosema baada ya hapo sikuyasikia.

Wifi yangu, dada wa mume, anauza virutubisho vya kampuni moja hivi, zile za kuunganisha watu. Alivyosikia tu akaja jioni ileile na begi. Na kwa kweli alinielezea vizuri kuliko daktari, akasema sukari ikizidi inatengeneza sumu kwenye damu, hiyo sumu inakwangua mishipa kwa ndani, na hizi vitamini ni antioksidanti zinasafisha na kulinda. Kopo moja la mwezi 85,000. Nimesoma lebo, kila kidonge kina vitamini C miligramu 1000, vitamini E yuniti 400, halafu na zile B zote. Nameza kimoja asubuhi nikiamka. Wiki ya kwanza mkojo ukawa wa njano inayong'aa kama kizibao cha bodaboda, nikaogopa, wifi akasema unaona, sumu inatoka hiyo.

Wakati huohuo nikaanza kutembea. Naamka saa kumi na moja na nusu, nafagia uwanja kwanza maana jirani ana mpera umeinamia kwetu kila siku asubuhi nakuta mapera yamepasukapasuka chini yamejaa nzi, nayazoa naenda kutupa, naingia ndani nameza kidonge changu na glasi ya maji, ndo naenda. Natoka Bima mpaka Barakuda na kurudi, kama dakika 40, siku nne kwa wiki au tano. Mwanzo nilikuwa naona aibu, makonda wanapiga kelele mama unakimbia mkopo, sasa hivi wamenizoea wananipungia mkono. Nilikuwa na kilo 84, nimefika 82.

Shida ikaanza pale kijana mmoja kazini anayepiga tizi aliponiona na kopo akasema mama hizo vitamini zinaua mazoezi yako. Nikamcheka. Ila usiku sikulala. Mpaka sasa nimenunua makopo matatu, hela nilitoa kwenye kikoba na bado sijairudisha, na wifi sasa anataka nichukue kifurushi cha miezi sita 450,000 nilipe kidogokidogo. Nikamwambia nataka kupumzika akasema ukikatisha dozi sumu inarudi mara mbili, si umeona ya mama yako. Hilo neno liliniuma shangazi. Mume wangu yeye anasema muungishe tu dada, ni vitamini, zitakudhuru nini.

Naomba unijibu, hizi vitamini pamoja na mazoezi zinalinda mishipa kweli? Nikiacha nitadhurika? Na wifi nimwambieje bila nyumba kuwaka moto?

Mama mwenye wasiwasi, Tabata

SHANGAZI NESI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na jibu ili ulale leo, halafu nitakueleza taratibu. Kutembea endelea. Vidonge acha, kesho tu acha, hakuna kupunguza taratibu wala nini. Hakuna sumu itakayorudi mara mbili, wala mara moja, kwasababu ule mkojo wa njano haukuwa sumu. Ile rangi ni vitamini B2, iko hivyo kwa asili yake, mwili ukishachukua kidogo unachohitaji, inayobaki unaimwaga chooni inang'aa hivyohivyo. Ulikuwa unaikojoa ile 85,000 mwanangu, samahani kwa lugha.

Na pole sana ya mama. Nimefanya kazi kliniki ya sukari miaka mingi kabla sijastaafu, nimefunga vidonda vya miguu sijui vingapi, na mtoto aliyemuosha mzazi mwenye mguu uliokatwa ukimwambia neno sukari haulizi bei ya dawa, anatoa hela. Wauzaji wanalijua hilo. Sisemi wifi yako ana roho mbaya, yeye mwenyewe kalishwa hayo maneno kwenye semina na inawezekana anayaamini kabisa na makopo yamemjaa chini ya kitanda, ila kumtaja marehemu ili uuze kopo hapo alikosea na usijilaumu kuumia.

Sasa kwenye maelezo yake nusu ya kwanza ni kweli, ndo maana ilikuingia. Mshipa wa damu kwa ndani una utando mwembamba sana, mlaini, ukipasua yai bichi ukaona ule utando mweupe uliogandia kwenye ganda basi fikiria kitu kama kile ila chembamba kuliko. Ule utando haujakaa tu kama rangi ukutani, unafanya kazi, unatoa hewa inaitwa naitriki oksaidi ambayo kazi yake kubwa ni kuuambia mshipa legea, tanuka, damu ipite. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa habari ya hiyo hewa, kwahiyo sio jambo dogo. Sukari ikikaa juu, hata hii ya mpakani, ndani ya mishipa vinazalishwa vichembe vikorofi vingi kuliko kawaida, na hivyo vichembe vinaikamata ile hewa na kuimaliza kabla haijafanya kazi. Mshipa unakuwa mgumu, hautanuki, mafuta yanaanza kujishikiza. Hii inaanza mapema, kabla hata mtu hajaitwa mgonjwa wa kisukari, na ndo maana ulivyoshtuka hukukosea.

Basi mtu yeyote akisikia hapo atasema si tumeze vitu vya kuua hivyo vichembe, yamekwisha. Hata wakubwa wa utafiti waliwaza hivyohivyo, na wakapima, tena sio kwa watu kumi. Kulikuwa na utafiti unaitwa HOPE, watu zaidi ya elfu 9 wenye miaka 55 kwenda juu, wenye ugonjwa wa mishipa au kisukari, nusu wakapewa vitamini E yuniti 400 kila siku, kipimo kilekile cha kopo lako, nusu wakapewa kidonge kitupu kisicho na kitu. Majibu yakatoka mwaka 2000 baada ya miaka kama minne na nusu: mashambulio ya moyo sawasawa, viharusi sawasawa. Wakaendelea kuwafuatilia, mwaka 2005 wakasema waliokuwa wanameza vitamini E walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Zaidi, sio pungufu! Uingereza nako, watu 20,536, nusu wakachanganyiwa vitamini E, C na ile beta karotini, rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A, kwa miaka mitano, wakapima damu wakakuta kweli vitamini zimepanda vizuri, ila moyo na mishipa hakuna tofauti na wale wa kidonge kitupu. Hayo yalitoka 2002. Watu wanauziwa makopo mpaka leo kwa maneno yaleyale.

Kwahiyo swali lako la kama zinalinda mishipa, kwa mtu kama wewe unayekula kila siku na huna upungufu, hapana.

Tuje kwenye lile la kijana wa tizi, maana hili ndo tamu na mimi mwenyewe nililisikia nikakataa kabla sijalisoma vizuri. Ukitembea haraka kutoka Bima mpaka Barakuda yanatokea mambo mawili. La kwanza damu inakimbia, ikikimbia inausugua ule utando wa ndani, na kusuguliwa huko ndo amri yenyewe, utando unaongeza kutengeneza ile hewa ya kulegeza mshipa. Hakuna kidonge kinachosugua. La pili misuli ikifanya kazi inatoa vile vichembe vikorofi, ndio, vilevile, ila kidogo na kwa muda mfupi, na mwili ukivisikia ni kama nyumba iliyosikia mbwa anabweka usiku, watu wanaamka, wanaweka walinzi. Mwili una walinzi wake wa kuua vichembe, inawatengeneza seli yenyewe, na wanafanya kazi mchana na usiku hata ukiwa umekaa kwenye mahesabu yako. Kila ukitembea unaongeza hao walinzi na misuli inajifunza kupokea sukari vizuri zaidi.

Sasa wewe umeamka, umemeza kidonge kikubwa cha C na E, halafu ndo unaenda kutembea. Mbwa akibweka kidonge kinamziba mdomo. Ndani hakuna aliyeamka.

Hii sio hadithi ya kijana wa gym. Wajerumani, Michael Ristow na wenzake, mwaka 2009 walichukua vijana wa kiume kama 40 wazima, wakawafanyisha mazoezi wiki nne, nusu wakapewa vitamini C miligramu 1000 na E yuniti 400 kwa siku. Soma tena lebo ya kopo lako. Waliofanya mazoezi bila vidonge miili yao ilianza kuitumia insulini, yani homoni inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli, vizuri zaidi na wale walinzi wakaongezeka, waliomeza vidonge jasho lilitoka vilevile ila faida hiyo haikuonekana. Sasa nisikudanganye, hao ni vijana wazima sio mama wa miaka 46 aliye mpakani, na wengine waliorudia utafiti wa aina hiyo sio wote walikuta hasara kubwa hivyo, kuna waliokuta mazoezi yamefanya kazi kama kawaida hata na vidonge. Kwahiyo usianze kulia kwamba miezi mitatu yako imepotea, kilo mbili zimetoka na hizo hakuna wa kuzirudisha. Ila pima mwenyewe: upande mmoja kuna uwezekano wa kuharibu kazi yako, upande wa pili faida hakuna, na katikati kuna deni la kikoba. Utakosea wapi ukiacha?

Mume wako anauliza zitakudhuru nini. Mwambie shangazi kasema hivi: vitamini E nyingi ikikutana na dawa za kulainisha damu kama warfarini mtu anaweza kuvuja damu, vitamini C ya dozi kubwa kwa baadhi ya watu inaleta mawe ya figo, na inaweza hata kudanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari nyumbani ukaona namba ambayo sio. Na mvutaji sigara akimeza beta karotini ndo hatari kabisa, Finland walijaribu kwa wavutaji zaidi ya elfu 29, mwaka 1994 wakatangaza kwamba waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Ni vitamini tu, ndio, na maji ni maji tu lakini watu wanazama.

Ila msije mkatupa kila kidonge mkasema shangazi kasema. Mjamzito ameze foliki asidi yake. Anayetumia metformini, ile dawa ya kushusha sukari, miaka mingi apimwe vitamini B12 maana inashuka kweli. Daktari akikupima akakuta upungufu akikuandikia, meza.

Sasa kinachokulinda ni nini. Mwanangu hiki unachokifanya asubuhi ndo dawa yenyewe, na imepimwa kwa watu walewale wa mpakani kama wewe. Marekani walichukua watu 3,234, kundi moja likaambiwa punguzeni asilimia 7 ya uzito na mfanye mazoezi dakika 150 kwa wiki, jingine likapewa metformini, jingine kidonge kitupu. Mwaka 2002 wakatoa majibu, kundi la mazoezi na chakula lilipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, la metformini asilimia 31. Wachina wa mji wa Da Qing walianza zamani zaidi, mwaka 1986, watu 577 walio mpakani, baadhi wakafundishwa kula au mazoezi au vyote kwa miaka sita basi, wengine hawakufundishwa, halafu wote wakafuatiliwa. Baada ya miaka 30, wale waliofundishwa walikuwa na mashambulio ya moyo na viharusi pungufu, na matatizo ya mishipa midogo, kama ya macho, pungufu pia. Miaka 30! Wewe uliniuliza mishipa, hiyo ndo mishipa.

Hesabu zako sasa maana wewe ni mtu wa mahesabu. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kama kilo 6, umeshatoa 2, zimebaki 4. Dakika 40 mara nne ni 160, umeshavuka 150. Unaona, hukuwa na shida ya mazoezi hata kidogo, una shida ya kiti. Masaa tisa kwa siku umekaa. Misuli ikikaa kimya muda mrefu hivyo inaacha kuvuta sukari, na ule wali wa mama lishe unabaki unazunguka kwenye damu mchana kutwa. Kila nusu saa simama, hata kama ni kwenda kuhesabu majora stoo, hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi wateja wakucheke. Ukimaliza kula mchana usikae papohapo, tembea dakika 10 au 15 hapohapo Kariakoo, na kule hata ukitaka kutembea taratibu watu watakusukuma. Usiku baada ya chakula hivyohivyo. Misuli inayotembea inachukua sukari hata bila kusubiri insulini iifungulie mlango, na ndo maana kutembea baada ya kula kuna thamani yake ya pekee.

Siku mbili kwa wiki nyanyua vitu vizito kidogo, madumu ya maji ya lita tano yanatosha, huhitaji gym. Ukiona kifua kinabana au pumzi inakata kupita kawaida, simama uende hospitali, usijikaze.

Na viatu. Kwa historia ya mama yako nunua raba zinazokutosha, ukirudi vua soksi angalia nyayo na katikati ya vidole, malengelenge usiyatumbue. Hela ya kopo moja inanunua raba za mtumba nzuri tu pale Karume na chenji inabaki.

Chakula sitaongea sana maana najua unajua. Chai ya vijiko vitatu vya sukari iache. Sahani ya mama lishe mwambie wali nusu, maharage na matembele vizidi. Soda hapana, juisi hata ya matunda matupu usiigeuze maji. Hapa ndo antioksidanti zilipo mwanangu, na hizi za kwenye chakula haziji kama mafuriko ya miligramu 1000 kwa mkupuo, zinakuja kidogokidogo zimeongozana na nyuzinyuzi na vingine vingi, hakuna anayesema zinaziba mdomo mazoezi. Vitamini E iko kwenye mafuta ya alizeti, yale ya Singida, na kwenye karanga, kiganja kimoja kwa siku kinatosha sio kilo. Mchicha usiuchemshe mpaka uwe uji, vitamini C haipendi moto. Ubuyu pia una vitamini C nyingi, nasema ubuyu wenyewe mweupe, sio ule mwekundu wa kulamba uliovikwa sukari.

Halafu kuna kitu umekiandika kwa kupitiliza tu, hata hukukiona, mimi nimekisoma mara mbili nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaniuliza bibi vipi. Unazoa mapera kwenda kutupa ndo unaingia ndani kumeza vitamini C ya 85,000. Mwanangu, mwanamke anahitaji kama miligramu 75 za vitamini C kwa siku. Mapera gramu 100, yani pera moja la kati, yana zaidi ya miligramu 200. Limeshinda chungwa mbali sana. Na ukilila na maganda yake unapata na nyuzinyuzi za kuchelewesha sukari. Dawa yako ilikuwa inaanguka uani bure kila usiku unaifagia!

Haya, wifi. Usibishane naye habari za Ujerumani na Uingereza, atakuletea ushuhuda wa mama wa Mbagala aliyepona na wewe utaishiwa maneno. Fanya hivi. Ile tarehe yako ya kurudi kliniki imefika au imepita, nenda, na beba kopo. Mwoneshe daktari au nesi lebo, muulize niendelee? Akisema acha, basi ni kweli kliniki wamekuachisha, hujamdanganya mtu, na neno hilo wifi hana pa kulishika. Kabla ya hapo kaa na mume wako usiku mkiwa wawili, mwambie mambo mawili tu, kwamba hela ya kikoba ilitoka na bado unadaiwa kiasi kadhaa, taja namba, na kwamba dada yake alimtaja mama. La pili liseme taratibu. Wanaume wengi habari ya vitamini haiwahusu ila hiyo ataielewa, na mwache yeye ndo aongee na dada yake maana ni damu yake.

Kifurushi cha 450,000 usisaini, hata kwa elfu kumi ya kuanzia. Kama kuna kopo halijafunguliwa mrudishie akauze kwingine, asipolipokea liache, usilimalize kwa uchungu wa hela, hela imeshaenda.

Na usimkate wifi. Unasema anakuja na begi jioni, sasa siku akija mwambie wifi ninakula sasa hivi, tukimaliza nisindikize kidogo tutembee mpaka pale kwa fundi turudi. Mwite wiki ijayo tena. Anayeuza dawa za mishipa inawezekana na yake hajawahi kuipima, mshawishi akapime na yeye sukari, siku ya kliniki yako mwende pamoja.

Ukipima kile cha miezi mitatu niandikie namba. Na jirani umuombe kabisa hayo mapera kwa adabu, uyachume yakiwa juu, usisubiri yaanguke.